Dada ananiuliza mwanawe alisema nini mwisho, na mimi sikumbuki

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Kimara. Ni fundi cherehani, nashona zaidi sare za shule. Nakuandikia kwa sababu nyumbani nimeshachosha watu, na naona kama akili yangu inanitoka.

Mwaka jana tulikwenda Tanga kwenye harusi ya binamu yetu. Kurudi Dar nilikuwa na binti wa dada yangu mkubwa. Alikuwa na miaka 19, alimaliza kidato cha nne, na alikuwa akikaa kwangu nikimfundisha kushona. Kwangu alikuwa ni mwanangu, aliniita mama mdogo tangu anaanza kuongea. Basi liliposimama Segera akanunua machungwa dirishani, yale yaliyokwisha kumenywa, na kikaratasi cha chumvi na pilipili. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa dirishani. Akasema anasikia kichefuchefu, nikampisha apate upepo. Hatukufika mbali, tukagongana uso kwa uso na lori.

Shangazi, kuna vitu vya siku ile naviona kama viko mbele yangu sasa hivi. Ndala moja ya kijani juu ya lami. Honi iliyokuwa inalia haikatiki. Harufu ya machungwa imechanganyika na dizeli. Kuna mwanamume alinivuta kwa mikono miwili kupitia dirishani, akawa anasema, "Mama, kaza mguu, kaza mguu." Lakini kabla ya hapo ni giza. Sijui kama nilizimia, na sijui nilimwona binti yetu saa ngapi. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Msiba ulikuwa Muheza, kwa dada. Nilifika na bandeji kichwani, sijala wala sijalala. Wanawake wakanizunguka kwenye mkeka wakaniuliza, "Alitamka shahada?" Nikasema ndiyo, alitamka. Dada akanikumbatia akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Tangu siku hiyo kila akipiga simu ananiambia, "Nisimulie tena mdogo wangu, alitamkaje?" Nami namsimulia. Mwanzoni nilikuwa naona kabisa midomo yake ikitikisika. Baadaye nikaanza kuota kwamba wakati wa ajali alikuwa amelala begani kwangu. Mwezi uliopita dada akaniuliza tena, nikajikuta nimesema, "Alikuwa amelala." Akanyamaza kwanza, kisha akaniambia, "Sasa ulinidanganya lini, siku ile au leo?" Hajanipigia tena, na nikipiga anapokea mtoto.

Usingizi sina. Nikisikia breki ya lori Morogoro Road moyo unataka kutoka. Wauza machungwa wamejaa Kimara Mwisho, na harufu ikinifika tu mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Siku moja niliacha mzigo wa vitambaa chini nikakimbia, mwanangu wa miaka saba ananifuata huku analia. Kulikuwa na shule Mbezi nilikuwa naishonea sare, nimeiacha ili nisipite stendi ya Magufuli.

Mume wangu ni mpole, ananiambia, "Yamepita hayo." Mama mkwe anasema nijikaze, mwenzangu amekufa na mimi niko hai, nimshukuru Mungu. Jirani anasema nimeingiliwa, anataka kunipeleka kwa mtu ambaye atanirudisha siku ile nione yote, na marehemu aseme mwenyewe. Kwa sasa nanunua diazepamu duka la dawa. Nilianza na kidonge kimoja usiku, sasa ni viwili.

Je, nilimdanganya dada yangu? Nifanye nini ili nikumbuke? Au ndiyo naanza kuwa kichaa?

Fundi, Kimara

*

Marahaba mwanangu. Pole. Pole ya kufiwa, na pole ya huko kuulizwa.

Naanza na swali lako la mwisho. Huna kichaa. Hayo uliyoyaandika, picha zinazokuja bila kuitwa, kushtuka kwa breki, kukwepa stendi, ndoto, usingizi uliokatika, yanajulikana hospitalini na yana jina: PTSD, yaani ugonjwa wa mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliyaingiza kwenye mwongozo wake rasmi mwaka 1980, baada ya miaka mingi ya kuwaona askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa nayo, pamoja na watu waliobakwa na walionusurika ajali na majanga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 7 kati ya 10 hupatwa na tukio la kutisha la aina hii maishani mwao, na wengi hupoa wenyewe taratibu wakiwa na watu wao. Wanaobaki nayo ni wachache, kiasi cha asilimia 5.6 ya waliopatwa. Dalili zikizidi mwezi mmoja na zikaanza kukunyang'anya kazi na usingizi, ndipo inasemwa mtu huyu anahitaji matibabu. Wewe umeshapita hapo. Unaumwa, na ugonjwa wako unatibika.

Sasa nije kwenye kumbukumbu, maana ndiyo iliyokugombanisha na dada yako.

Siku ya kawaida, ubongo huweka mambo kwa mpangilio: lilianza hili, likafuata lile, tulikuwa mahali fulani, ilikuwa jioni. Sehemu yake moja ndogo iitwayo hipokampasi ndiyo inayolifunga tukio pamoja na mahali pake na wakati wake. Karibu nayo ipo nyingine, amigdala, ambayo kazi yake ni kutambua hatari na kuuamuru mwili: moyo uende mbio, misuli ikaze, macho yaone hatari na si kingine. Hofu ikizidi kiasi, homoni zikafurika, wataalamu wengi wanaeleza kwamba hii ya pili hushika kwa nguvu kila kilichokuwa karibu na hatari, wakati ile ya kwanza inalegea. Ndiyo maana una ndala ya kijani, una honi, una harufu ya machungwa na sauti ya yule mwanamume, vyote vikali kuliko hata harusi uliyotoka kuicheza, ila huna saa wala mfuatano. Wewe ni fundi, utanielewa: vipande vimekatwa na vimelala mezani, lakini havijaunganishwa.

Na vingine havikukatwa kabisa. Hili nakuomba ulisome mara mbili. Unasema ulifika msibani na bandeji kichwani, na hujui kama ulizimia. Mtu akigongwa kichwa akapoteza fahamu, hata kwa muda mfupi, dakika za kabla na baada ya pale mara nyingi haziingii kwenye kumbukumbu hata kidogo. Hazijajificha mahali zikisubiri ujitahidi. Unaniuliza ufanye nini ili ukumbuke, nami nakujibu kwamba huenda hakuna cha kukumbuka. Najua inauma kuusikia ukweli huo, lakini nadhani pia utakutua mzigo, kwa sababu kwa muda wote huu umejiona kama mtu aliyeficha amana ya mwenzake.

Ulimdanganya dada yako? Hapana, mwanangu. Ngoja nikueleze kwa nini nasema hivyo kwa uhakika.

Mwaka 1974 kule Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya magari yakigongana, kisha wakawauliza baadhi yao mwendo wa magari yale. Kundi moja la watu 50 waliulizwa yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Kundi la pili, la watu 50 pia, waliulizwa kwa neno kali zaidi, yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana". Baada ya wiki moja wakaitwa tena na kuulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Lakini katika wale walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema wameviona. Katika wale wa neno la kawaida walikuwa 7. Hakuna aliyekusudia kuongopa. Swali lilipita na kuacha kitu chake ndani ya kumbukumbu, na mwenye kumbukumbu akakiona kwa macho ya ndani kama alivyoona mengine.

Hao walikuwa wamekaa darasani, wazima, hawakufiwa na mtu. Wewe ulikuwa mkekani na jeraha la kichwa, mbele ya mama aliyempoteza mwanawe, na swali uliloulizwa lilibeba jibu lake ndani, na jibu lile lilikuwa ndilo peke yake ambalo dada yako angeweza kusimama nalo. Ukasema ndiyo. Usiku huo akili yako ikaanza kutengeneza picha ya ile ndiyo, na kila simu ya dada iliikoleza, mpaka midomo ukaiona. Ndoto nayo ikaleta yake, kwamba alikuwa amelala. Usiichukue ndoto kama ushahidi, na midomo uliyoiona usiichukue kama ushahidi. Yote mawili yamekuja baadaye. Mimi sitakuambia alitamka, na sitakuambia hakutamka. Hilo analijua Mwenyezi Mungu na yeye mwenyewe. Kuhusu maana yake kidini, kaa na sheikh mnayemwamini, wewe na dada yako pamoja, kwa sababu mimi si msomi wa dini na sitaki kusema nisilolijua juu ya marehemu.

Nina neno hapa kwa wengine wanaosoma, na naomba mnivumilie. Aliyetoka kwenye ajali jana hahojiwi msibani. Mpeni maji, mpeni mahali pa kulala, mmoja akae naye, mwulizeni kama kuna mtu wa kumpigia simu. Akianza kueleza mwenyewe, msikilizeni bila kumkatiza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema hivyo hivyo: usimlazimishe mtu asimulie yaliyompata. Zamani kuna nchi zilikuwa na mtindo wa kuwakusanya manusura mara moja na kuwataka waeleze yote. Tafiti zilipokusanywa na kulinganishwa ilionekana hausaidii kuzuia ugonjwa huu, na kuna waliozidi kuumia. Sisi hatukuwa na mtindo huo wa hospitali, lakini tunao wa mkekani. Tunauliza kwa upendo, na tunaacha kidonda.

Kuhusu kauli za nyumbani. Mume wako anaposema yamepita, anasema kweli kwa kalenda. Tatizo ni kwamba mwili wako haujaipata habari hiyo. Watafiti wawili, Anke Ehlers na David Clark, waliandika mwaka 2000 kwamba kiini cha ugonjwa huu ni hicho: tukio limekwisha, lakini mtu anaendelea kuhisi hatari iko sasa, kwa sababu kumbukumbu haikufungwa na wakati wake. Niliwahi kukaa na mama aliyekuwa Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi. Miaka mingi baadaye radi ya masika ikipiga alikuwa anajikuta yuko mlangoni na mtoto mkononi, na mtoto mwenyewe kashakuwa mkubwa, miguu inaburuza chini. Alijua vizuri ni mvua. Kujua kulikuwa kunafika baada ya miguu.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako haihusu kusahau, na haihusu kujikaza. Kujikaza ndiko kulikokufikisha kwenye vidonge viwili. Kila ukilisukuma jambo hili mbali linakaa vile vile, bila tarehe, na kesho harufu ikipita linaamka likiwa bichi. Kazi yako ni kulipatia tarehe yake: lilitokea siku ile, barabara ile, likaisha.

Tuanze na machungwa, maana hayo yapo Kimara Mwisho kila siku na huwezi kuhama kwa ajili yake. Sitaki ujilazimishe kwenda kusimama kwenye toroli peke yako kesho asubuhi. Siku utakayojisikia una nguvu kidogo, nenda na mume wako, msimame mbali kiasi cha kuliona toroli tu. Moyo ukianza, usikimbie na usipigane nao. Tafuta tofauti, kwa kunong'ona au kwa sauti. Siku ile nilikuwa nimekaa, leo nimesimama. Siku ile nilikuwa ndani ya basi, leo niko chini, naona duka la M-Pesa na mwanafunzi ananunua karanga. Machungwa ya siku ile yalikuwa kwenye mfuko mapajani mwa binti yangu, haya yako kwenye toroli, na kijana huyu anayamenya taratibu, ganda linashuka kama utepe. Siku ile palikuwa na dizeli, leo hapana. Endelea mpaka mwili ushuke kidogo, kisha rudini nyumbani. Siku nyingine sogea hatua chache. Hofu itakuja, itapanda, kisha itashuka yenyewe ukiwa bado umesimama, na huko kushuka kwake ukiwa pale pale ndiko kunakoufundisha mwili. Ukikimbia kabla haijashuka, mwili unajifunza kinyume, kwamba umepona kwa sababu umekimbia. Ukiona inazidi nguvu zako, acha, umsubiri mtaalamu mfanye pamoja.

Hili la kiti nalo, la kumpisha binti akae dirishani. Umeliandika kwa sentensi moja ukalipita haraka, nami nimeliona. Unajihukumu kwa habari ambazo ulizipata baada ya ajali. Pale Segera ulijua kitu kimoja, kwamba mtoto anasikia kichefuchefu. Ukampa upepo. Mama yeyote angefanya hivyo, na wewe mwenyewe ukirudishwa pale na kujua ulichokijua wakati ule, ungempisha tena. Mwambie mtaalamu kuhusu kiti siku ya kwanza kabisa, usingoje akuulize, kwa sababu kujilaumu kwa namna hii ni moja ya mambo yanayofanya ugonjwa usipoe.

Jirani yako anakupenda, sina shaka. Kisomo na dua sina ugomvi navyo, kama vinakutuliza endelea navyo. Ila huyo mtu wa kukurudisha siku ile uone yote, usiende. Nimeshakueleza jinsi swali moja tu linavyoweza kupanda kitu kwenye kumbukumbu. Mtu akikuweka gizani, akakuchosha, akakwambia sasa unamwona, sasa anasema, utamwona na utamsikia. Utatoka na maneno ambayo hayakusemwa, utampelekea dada yako, na hapo mtakuwa na matoleo matatu badala ya mawili.

Diazepamu. Unauziwa dukani bila cheti, jambo ambalo halitakiwi. Dawa hizi zinakulaza, hazigusi kidonda chenyewe, na mwili unazizoea haraka, ndiyo maana kimoja kimekuwa viwili. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2013 linashauri watu wazima wasipewe dawa za kundi hili kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio, na wewe uko mbali zaidi ya hapo, unazinywa kila siku bila kuonwa na daktari. Lakini usiziache ghafla leo usiku. Kukata ghafla kunaweza kukuletea hali mbaya, hata kifafa. Nenda nazo hospitali, mwonyeshe daktari, apange mzipunguze kidogo kidogo. Na usizichanganye na pombe wala dawa nyingine ya usingizi.

Tiba yenyewe sasa. Kuna njia kadhaa zilizothibitika, na nyingi zinafanana kwenye jambo moja: unasimulia tukio lote polepole, mahali salama, na mtu aliyefundishwa, mpaka lipate mwanzo, katikati na mwisho. Moja imefanyiwa majaribio hapa hapa Afrika Mashariki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, akina Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, waliitengeneza kwa ajili ya watu waliotoka vitani. Mtu anapewa kamba, anailaza sakafuni, hiyo kamba ni maisha yake tangu kuzaliwa. Pale palipokuwa na jema anaweka ua. Pale palipoumiza anaweka jiwe. Kisha kikao baada ya kikao anapita kwenye kamba kwa mpangilio wa miaka, na akifika kwenye jiwe anasimulia kila alichokiona, alichokisikia, mwili wake ulivyohisi wakati ule na unavyohisi sasa anaposimulia, huku msaidizi akiandika. Kwenye kambi ya Nakivale, Uganda, walitibiwa hivyo wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia, na waliowatibu walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na yalikuwa mazuri. Nakwambia haya ili usidhani tiba hii ni ya wenye pesa wa Masaki. Inawezekana chini ya mti.

Zingatia pia kwamba kwenye kamba ile hakuna anayelazimishwa kujaza palipo wazi. Ukifika kwenye giza unasema, hapa ni giza, halafu unaendelea na yule mwanamume aliyekwambia kaza mguu. Tukio linaweza kupata tarehe na mwisho hata likiwa na tundu katikati.

Nije kwa dada yako. Usimpigie simu. Hili si la simu, na sikushauri upande basi sasa hivi kwenda Muheza. Mwombe mume wako au kaka yenu amlete Dar, au azungumze naye kwanza. Mkikaa, anza wewe, na useme kwa ufupi: "Dada, siku ile msibani nilikuwa na jeraha la kichwa, nikaulizwa nikajibu. Sikukusudia kukudanganya. Ukweli ni kwamba kuanzia lori lilipotokea mpaka ninavutwa dirishani sikumbuki chochote, na huenda nisikumbuke kamwe. Na habari ya kulala ni ndoto, sina uhakika nayo." Atalia. Huenda akakasirika, na usimjibu hasira yake. Kwake kuipoteza shahada ile ni kama kufiwa mara ya pili. Kaa naye.

Halafu mpe ulicho nacho. Kwa muda wote huu mmekuwa mkizungumza dakika moja ambayo huna, na hamjazungumza ile safari nzima ambayo unayo. Mweleze Segera. Mtoto wake aliinuka vipi kuwahi dirishani, alibishana bei au alilipa tu, alianza na lipi, pilipili ilimwasha? Alisema nini juu ya harusi, nani alimchekesha? Nguo aliyovaa alishona mwenyewe? Mweleze jinsi alivyokuwa nyumbani kwako, kazi ya kwanza aliyoimaliza bila kuifumua. Hayo uliyashuhudia ukiwa na fahamu zako, hofu haijakugusa, na hakuna mtu mwingine duniani anayeyajua isipokuwa wewe. Dada yako anayastahili. Nadhani alikuwa anayatafuta hayo pia alipokuwa anapiga simu kila mara, ila alilijua swali moja tu la kuuliza.

Mwanao wa miaka saba amekuona ukikimbia. Mwambie kwa maneno ya umri wake: mama alipata ajali, harufu ile inamkumbusha, mama anaogopa kisha inaisha, na anakwenda hospitali kutibiwa. Watoto wasipoambiwa hujitengenezea sababu, na mara nyingi hujiona wao ndio wamekosea.

Hospitali usisubiri upone kidogo ndipo uende. Muhimbili, pale Upanga, kuna idara ya afya ya akili. Kama ni mbali kwa kuanzia, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Mwananyamala au Amana, uulize kliniki ya afya ya akili, na kama una bima uliza mapema utaratibu wa barua ya rufaa. Usiseme dirishani kwamba huna usingizi tu, utapewa vidonge vingine urudi nyumbani. Sema: "Nilipata ajali mwaka jana, nilijeruhiwa kichwa, mtu wangu alifariki, na tangu siku hiyo ajali inanirudia. Nataka kuonana na daktari wa akili au mwanasaikolojia." Kutaja kichwa ni muhimu, wakuchunguze na hapo. Na siku yoyote ukijikuta unatamani ungekufa wewe badala yake, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mume wako saa hiyo hiyo akupeleke hospitali iliyo karibu, iwe mchana au usiku.

Siku ya kwanza mwende wote wawili, wewe na mume wako. Hofu husahaulisha, kwa hiyo yeye ndiye aandike dozi mpya ya dawa, jina la daktari na tarehe ya kurudi.

Shangazi